Macho ya Mama wa Manukato

6 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua unapoinuka kwenye kigoda, na kwamba Shangazi bado anakuletea uji asubuhi na kukusengenya mchana. Mimi sijambo. Kikohozi nilichoondoka nacho nyumbani kilishuka njiani, hakikufika huku.

Nakuandikia kwa sababu simu kwako ni redio iliyoingia maji. Mara ya mwisho nilikupigia kukwambia nimepata kazi, ukanijibu, "Pole sana mwanangu, utapona." Nilicheka peke yangu barabarani kama mwendawazimu.

Basi, nimepata kazi kweli. Ni duka la manukato, liko kati ya duka la miwani na ofisi ya wakili. Chini ni duka, juu yake ni ukumbi wenye viti na zulia, na juu kabisa ni vyumba vya kulala. Mimi najaza chupa. Mafuta huja kwenye madumu, nayachuja kwa kitambaa, nayatia harufu, nakaza vifuniko, nabandika karatasi. Karatasi moja imeandikwa Utulivu, nyingine Riziki, na ile inayokwisha haraka kuliko zote imeandikwa Mvuto. Baba, mafuta ni yaleyale! Kinachobadilika ni rangi ya karatasi. Usimwambie Shangazi.

Jumamosi watu hupanda ukumbini kufundishwa mvuto: namna ya kuingia mahali watu wakageuka, namna ya kumtazama mtu, namna ya kuvuta pumzi kabla ya kutamka jina lake. Anayefundisha ni mwenye duka mwenyewe. Anasema kila binadamu kazaliwa na mvuto wake, ila wengine wamefunikwa, kama taa iliyovishwa gunia. Nilidhani nitamkuta mrembo wa kutisha. Hapana. Ni mama wa makamo, mfupi, ana mwanya, na visigino vimepasuka kama vya Shangazi. Lakini akikutazama, Baba, ni kama chumba kizima kimehamishwa vitu vyote ukabaki wewe tu. Siku ya kwanza aliniuliza jina, nikasahau.

Sote tunamwita Mama. Hata yule tunayemwita Mzee wa Ngazi, ambaye amemzidi umri, anamwita Mama. Huyo zamani alikuwa mwalimu wa shule. Alikuja kumnunulia mkewe chupa moja ya zawadi, akapanda juu kusikiliza somo moja, na tangu hapo anafagia ngazi. Mkewe alikuja kumfuata mara mbili. Mara ya tatu alikuja kununua mafuta.

Simu tunaziacha kwenye kikapu mlangoni. Mama anasema zinanyonya mvuto. Kwa hiyo niandikie. Dereva anayetuletea chupa tupu hupita huko kwetu, mpe barua.

Mwanao,
Kitindamimba


19 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Barua imefika, imenukia mpaka mbwa wa jirani ameifuata. Mgongo uko palepale, tumezoeana. Kazi ipo. Baiskeli hazipungui na watu hawaachi kupanda juu ya miiba. Sisi sote wazima, shaka ni kwako tu uliye mbali.

Shangazi yako ameisoma barua juu ya bega langu, kwa hiyo ile siri ya mafuta haipo tena. Amesema anajua ni yaleyale, lakini umletee ya Riziki.

Nimefurahi umepata kazi ya kivulini. Ila kuna neno limenikaa kooni kama mfupa wa samaki. Mama yako tulimzika, na nafasi yake hatujaitangaza. Mwite mwajiri wako bosi, mwite bibi, mwite tajiri. Hilo la Mama liache.

Na huyo mzee wa kufagia ngazi hajanipendeza. Mteja wangu mimi akikaa sana ni kwa sababu tairi halijakauka gundi. Mtu gani anakwenda kununua kitu anakuwa kitu cha dukani?

Dada yako anaolewa mwisho wa mwezi wa nne. Wewe ndiye utakayekaa naye siku hiyo, ameshasema hataki mwingine. Omba ruhusa mapema, usije ukasema hukuambiwa.

Baba yako


8 Aprili

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Dada hajambo? Mwambie nakuja, nani atanizuia? Mimi mzima, tena mzima kuliko nilivyowahi kuwa.

Nimetolewa kwenye madumu! Siku moja Mama alishuka, akasimama mlangoni mwa stoo, akanitazama muda mrefu nikiwa na mikono imejaa mafuta. Akasema, "Huyu amewekwa huku nyuma na nani? Hamuoni nyota aliyonayo?" Siku hiyohiyo nikawekwa mbele dukani. Baba, huwezi kuamini. Watu wanaingia. Mtu anapita zake na mwavuli, ananiona, anaingia, anatoka na chupa mbili na mwavuli ameusahau. Wanaume kwa wanawake. Mama anasema sijafanya lolote, ni nyota yangu tu imetolewa gunia.

Nikijitazama kwenye kioo naona ni mimi yuleyule mwenye masikio makubwa. Lakini yeye akiwa dukani, na mimi naiona hiyo nyota. Akipanda juu, mvuto wote unapanda naye, nabaki kuwa muuza mafuta. Sijui kama umenielewa.

Nimehamia vyumba vya juu. Amesema mtu mwenye nyota hapaswi kulala ovyo ovyo, na kutembea sana kunaichafua. Sitoki sana siku hizi. Sina haja, kila kitu kipo humu.

Lile la kumwita Mama nilijaribu kuliacha. Nilimwita bosi. Hakukasirika. Alinitazama tu kana kwamba nimeangusha sahani yake, nikaona aibu wiki nzima.

Tutaonana harusini.

Mwanao,
Kitindamimba


30 Aprili

Kitinda,

Natumaini u mzima, ingawa kama ungekuwa mgonjwa ndipo ningeelewa.

Harusi imepita. Dada yako alikataa kutoka chumbani mpaka aambiwe basi la mwisho limefika na wewe hukuwemo. Kiti chako alikikalia Shangazi, akalia yeye badala yako, akalia na zamu yake pia.

Sigombi. Nauliza tu. Umefungiwa?

Baba yako


21 Mei

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, nivumilie mwandiko.

Sijafungiwa. Hilo ndilo linaloniumiza. Lingekuwapo kufuli ningelivunja, angekuwapo mlinzi ningempiga teke. Hapa mlango wa barabarani uko wazi asubuhi mpaka jioni, na upepo unaingia.

Siku ya safari nilishuka na begi langu. Nilimkuta anakunywa chai. Nikamwambia, "Mama, leo naenda nyumbani, dada yangu anaolewa."

Akasema, "Nenda mwanangu. Nani kakuzuia?"

Akainuka, akanifunga kitambaa changu cha kichwa vizuri. Akaniuliza dada yangu ni mtu wa namna gani. Tulilala kitanda kimoja? Tukigombana, nani alikuwa wa kwanza kuomba radhi? Nikamjibu. Akauliza tena, nikajibu tena, nikawa nasema mambo ambayo hata mwenyewe sikujua ninayo. Nikalia. Alinifuta machozi kwa kiganja chake, si kwa kitambaa, akaniambia, "Nina swali moja tu, halafu uende. Huko unakokwenda, yuko mtu anayekuona hivi?"

Nisamehe, Baba, niliweka begi chini nikakaa. Nilipozinduka chai yangu ilikuwa imepoa, basi limekwisha kuondoka, na aliyesema "nitabaki" ni mimi. Yeye hakunishawishi hata kwa neno. Alisema, "Haya, kama umeamua."

Tangu hapo nimejaribu tena mara kadhaa. Kila nikienda kuomba kuondoka narudi nimeomba kazi zaidi. Sasa nafundisha nusu ya somo la Jumamosi. Nawaambia watu waniangalie katikati ya macho, nao wananiangalia, na mimi namwangalia yeye aliyekaa nyuma, nione kama nimempendeza.

Kuna jingine. Juzi mchana nilipanda kumpelekea chupa chumbani. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Alikuwa amekaa kitandani peke yake, hakuniona. Baba, uso wake haukuwapo. Nitakwambiaje? Ulikuwa umelegea kama nguo iliyovuliwa. Si uchovu, si huzuni. Hapakuwa na mtu. Halafu ubao ukalia chini ya mguu wangu, akageuka, na ule uso ukajaa papo hapo kama chupa chini ya bomba. Akasema, "Aa, nyota yangu."

Nilipata hofu. Na pamoja na hofu hiyo nilifurahi kwamba ni mimi niliyeujaza. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

Yale mafuta najua kuna nini ndani, nayajaza mwenyewe. Yeye sijui kuna nini ndani yake.

Njoo unitoe. Miguu ninayo lakini hainisikii.

Mwanao,
Kitindamimba


29 Mei

Kitinda wangu,

Marahaba, na usilie. Nakuja.

Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Lile swali la huyo mwanamke, jibu lake silitumi kwa dereva. Nalileta mwenyewe, limevaa kofia na viatu.

Shangazi anasema nijihadhari, mwanamke ana dawa chini ya ulimi, akikusemesha umekwisha. Nimemwambia kwa bahati nzuri amempata fundi wa kumsemesha. Sikio langu la kushoto limefungwa tangu mwaka ule wa surua, na la kulia hupokea kwa miadi. Maneno yake matamu yatafika mlangoni yagonge mpaka yachoke. Hii ndiyo faida ya kwanza ya uziwi wangu tangu niupate, acha niitumie.

Nitafika Jumamosi hii ijayo, mchana, watu wakiwa wengi. Ukiniona, chukua begi. Usimweleze mtu, usiulize, usijibu. Mimi nitasimama kati yako na yeye kama gunia la saruji, wewe pita nyuma yangu utoke. Tutakula chakula cha jioni nyumbani.

Baba yako


17 Juni

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye meza yako mwenyewe, nimesogeza spana na kopo la grisi ili karatasi ipate nafasi. Mimi mzima. Shangazi mzima. Dada alikuja na mumewe, tumekwisha patana, tumelia tukamaliza. Wewe ndiye hatujui u hali gani.

Uliniambia, "Tangulia kituoni, nakuja na basi la jioni." Nilikaa kituoni mpaka mabasi ya jioni yote yakaondoka. Kila siku nasema leo. Nimeona nikuandikie nilivyoona mimi, pengine wewe uliyekuwa ndani yake hukuona.

Uliingia na kofia mkononi, ukasema kwa ile sauti yako iliyojaza duka zima, "Binti! Begi!" Wateja wakageuka, Mzee wa Ngazi akaangusha ufagio. Nilishuka na begi mbio. Nilijisemea, kweli ni gunia la saruji.

Ndipo yeye akatoka nyuma ya pazia. Baba, hakukupigia kelele. Watu wote hukupigia kelele. Mimi mwanao hukupigia kelele, Shangazi hupiga na makofi. Yeye alikutazama kwanza, kisha akazunguka akaja upande wako wa kulia, akasimama karibu kama mtu anayetaka kukuonyesha kitu kidogo, akasema neno. Sikulisikia. Mimi mwenye masikio mazima sikulisikia, na wewe ulilisikia. Ulisema, "Enhe?" lakini si ile "enhe" yako ya kudanganya kuwa umeelewa. Akasema tena, ukacheka. Sijakuona ukicheka hivyo tangu Mama yetu alipokuwa hai.

Halafu ukanigeukia ukaniambia nitangulie, kwamba bawaba ya mlango wa huyu bibi imelegea, huwezi kuiacha hivyo na wewe ni fundi.

Nilipita mbele yake na begi. Lilimgusa gauni. Hakugeuka. Hakuniona, Baba, mimi niliyekuwa nyota. Hivyo ndivyo nilivyotoka. Usije ukadhani nilitoka kwa nguvu, nilitoka kwa kuwa macho yake yamehama. Na nikwambie la aibu? Njia nzima sikulia kwa sababu umebaki. Nililia kwa wivu.

Sasa wivu umeisha, imebaki hofu. Acha hiyo bawaba. Njoo.

Mwanao,
Kitindamimba


9 Julai

Kitinda wangu,

Marahaba sana. Mimi mzima kama jiwe. Hata mgongo umetulia, nimepewa godoro gumu, ndilo lililokuwa linatakiwa miaka yote. Nisalimie Shangazi, mwambie sikulishwa kitu chini ya ulimi.

Nimechelewa, najua. Bawaba ilileta kitasa, kitasa kikaleta madirisha. Nyumba hii ilikuwa inaanguka kimyakimya na watu wamekaa humo wanajifunza kutazamana. Nimetengeneza viti vya ukumbini, nimeweka rafu mpya za chupa. Jioni mimi na Mzee wa Ngazi tunacheza drafti. Ni mtu mwerevu, si kama tulivyomdhania. Yeye analala chumba cha jirani, mimi nimepewa chumba kile ulichokuwa wewe.

Nisikilize, usikasirike. Nasikia, Kitinda! Si kila mtu. Namsikia yeye. Hapandishi sauti wala hachezeshi mikono kama anayefukuza kuku. Anangoja nimtazame, anasema neno moja, linafika, analeta la pili. Jana nilimweleza nilivyomwona mama yako kwa mara ya kwanza, amebeba taa ya chemli isiyo na kioo. Ni hadithi ya dakika mbili, tuliikalia mchana kutwa, kwa sababu aliuliza na kila alichouliza nilikisikia. Unajua ni tangu lini mtu ameniuliza jambo likanifika zima, halikukatika njiani? Nyinyi mnanipenda, sikatai. Lakini mnaniambia mambo kwa ufupi, kwa kuwa marefu yanachosha kuyapigia kelele.

Usidhani nimekamatwa. Mtu aliyekamatwa anajua. Mimi nikitaka kutoka natoka, mlango nimeufunga bawaba mwenyewe, unafunguka kwa kidole.

Ukumbi ukikamilika nakuja. Baiskeli ya mpiga picha iko nyuma ya ndoo, breki zake ziko tayari. Pampu usiazime mtu.

Mama anakusalimu.

Baba yako


14 Septemba

Baba,

Shikamoo. Hii ni ya tatu tangu ile yako, mbili hukunijibu. Dereva anasema amekupa mkononi. Mimi mzima. Karakana iko wazi, nimejifunza kuziba pancha bila kuonyeshwa, na kuunga mnyororo. Wateja wanakuuliza. Nawaambia umesafiri. Shangazi anawaambia umerogwa. Wanaondoka na majibu yote mawili, wanachagua wenyewe.

Wiki iliyopita nilikuja. Hukuniona. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwa muuza viatu, nikashikashika viatu nisivyovitaka mpaka mwenyewe akanuna.

Dirisha ni safi, nadhani umelisafisha wewe. Ulikuwa juu ya ngazi unafunga taa mpya, umevaa shati ambalo silijui. Yeye alikuwa chini amekushikia ngazi. Alisema kitu, nawe ukajibu bila kumwinamishia sikio. Siwezi kusema uongo, Baba, ulikuwa na raha. Nilitaka kugeuka nirudi, nikuache na raha yako.

Kisha akaingia mteja, kijana wa suti, mpole, ana uso wa mtu ambaye hajawahi kuangaliwa. Yeye akaachia ngazi. Akamfuata. Akasimama karibu naye kama alivyosimama karibu nawe. Na wewe ukabaki kule juu, taa mkononi, mikono hewani, umegeuza uso wote kumtazama, unangoja arudi akushikie. Ulingoja sana. Taa ungeweza kuifunga, hata mimi ningeifunga. Kushuka ungeweza kushuka. Hukufunga wala hukushuka.

Nilinyanyua mguu nivuke. Nikaurudisha. Unajua kwa nini? Kwa sababu niliona nikivuka, si wewe nitakayemfuata mle ndani.

Kwa hiyo siji tena, na Dada nimemkataza, na Shangazi nimemficha viatu. Kila anayekwenda kumtoa mtu mle anaongeza kichwa. Itabidi utoke mwenyewe. Nisome vizuri: usimuage. Usimweleze, usimshukuru, usitafute siku nzuri ya kuzungumza naye. Usingoje akwambie nenda, kwa maana atakwambia nenda, na hutakwenda. Vaa kofia kama mtu anayekwenda kununua misumari, panda basi, fika hapa. Ustaarabu tutauomba radhi baadaye. Nitamwandikia mimi barua ya shukrani kurasa kumi, ukitaka.

Uliyosema kuhusu kukuambia mambo kwa ufupi yameniingia. Nimeanza kujifunza kusema bila kupiga kelele. Nakaa upande wa kulia wa Shangazi, namtazama, naleta neno moja, nangoja, naleta la pili. Juzi ameniuliza mbona nanong'ona kama mwizi. Lakini nadhani naweza. Njoo unijaribu.

Mwanao,
Kitindamimba


3 Novemba

Kitinda wangu,

Marahaba. Natumaini nyote wazima, na Shangazi amerudishiwa viatu. Mimi sijambo.

Barua yako ya mwisho alinikabidhi Mama mwenyewe, haijafunguliwa. Hafungui barua za watu, hilo lazima tuliseme. Niliisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Ile habari ya ngazi nilitaka kubisha. Sikupata pa kuanzia.

Nimefanya kama ulivyosema. Jana asubuhi nilivaa kofia, nikamwambia Mzee wa Ngazi naenda kununua misumari. Nikalipita duka la misumari, nikaenda moja kwa moja kituoni. Nikapata kiti cha dirishani. Kitinda, nilifurahi kama mtoto. Niliwaza utakavyoniona nimesimama mlangoni mwa karakana, utakavyokuja upande wa kulia. Nilijiuliza utaanza kunisimulia nini.

Basi likakawia kujaa. Kondakta akaja akasema kitu, sikusikia. Akasema kwa nguvu, sikusikia. Akanipigia kelele mpaka mate yakanirukia, na abiria wote wakacheka, na mimi nikacheka kama ninavyocheka siku zote ili yaishe. Nikageukia dirisha. Nikaanza kufikiri. Yule mama kanipa chumba, kanipa chakula, kanipa godoro. Kanisikiliza miezi yote hii habari za mke wangu bila kupiga miayo. Mimi ni mtu mzima, nimelelewa, nimelea. Nitaondoka kama kuku aliyekata kamba? Wewe ni kijana, unaweza. Mimi siwezi. Nikateremka. Si kurudi, unielewe. Kumuaga tu, dakika mbili, nipande la mchana.

Duka lilikuwa limejaa watu, makelele ambayo kwangu ni kama mvua juu ya bati. Aliniona tangu nikiwa mlangoni. Hakusogea, hakupaza sauti. Akasema, "Misumari umeikosa?" Nilisikia kila neno.

Nikasema, "Nimeikosa."

Jana haikuwezekana tena. Leo ana wageni, na yule kijana wa suti amehamia, tumempisha chumba, mimi na Mzee wa Ngazi tunalala pamoja. Kesho Jumamosi ni mafunzo, Jumapili anapumzika, hataki kusemeshwa. Jumatatu asubuhi huwa peke yake na chai yake. Nitakaa naye, nimuage vizuri kama inavyopasa, tusiachane na kinyongo, kisha nije. Mwambie Shangazi asipike kingi.

Akiwa na wageni Jumatatu, basi Jumanne.

Baba yako